Nafsi Inayougua na Nafsi Inayosimulia: Tumaini katika Darkness Visible ya William Styron

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili amekwisha kukutana na kukata tamaa katika nafsi ya kwanza. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi husimulia maisha yake hadi anapojiua, na sauti iliyomwongoza msomaji tangu mwanzo hukatika. Tawasifu ya aliyenusurika sonona hutumia nafsi hiyo hiyo kwa sharti tofauti: kila sentensi yake imeandikwa baada ya giza. Ni katika sharti hili la kifani, wala si katika ahadi ya kupona, ambamo tumaini la utanzu huu linapaswa kutafutwa.

Mfano mwafaka ni Darkness Visible (1990) ya Mmarekani William Styron, kitabu kifupi kilichotokana na mhadhara alioutoa mwaka 1989 kuhusu maradhi yaliyompata mwaka 1985. Styron analalamikia jina la Kiingereza la maradhi hayo, ambalo hutumika pia kwa mdororo wa uchumi na kwa shimo la ardhini. Kwake ni neno hafifu mno. (Kiswahili hapa kina nafuu, maana kitenzi sonona chenyewe ni kuumia moyoni.)

Sehemu nzito zaidi ni ile ya Paris. Styron amekwenda kupokea tuzo. Anamwambia mwenyeji wake, mjane anayeitoa tuzo hiyo, kwamba hatahudhuria chakula cha mchana alichoandaliwa, kisha inambidi kuomba radhi. Jioni hundi ya dola 25,000 inampotea, ingawa baadaye inapatikana. Nafsi inayougua haioni kichekesho chochote. Inashuku hata kwamba imeipoteza hundi kwa kujiona haistahili tuzo. Nafsi inayosimulia, kwa upande wake, inaipanga aibu hiyo hatua kwa hatua, kwa utulivu unaokaribia mzaha. Msomaji mgonjwa haambiwi kwamba atapona. Anaoneshwa mtu ambaye mezani alishindwa hata kuzungumza, akiyaunganisha maneno yake ukurasani.

Usiku ambao muziki wa Brahms unamzuia Styron kujiua, na kesho yake akapelekwa hospitalini, una mvuto mkubwa, lakini pia una hatari. Ukisomwa peke yake hufanana na muujiza, na msomaji ambaye hakusikia muziki wowote atajiona ametupwa. Yamkini Styron aliliona hilo, kwani sifa za kupona anazipa faragha ya hospitali na kupita kwa wakati.

Kitabu kinadhoofika mwishoni, pale mwandishi anapoazima nyota za Dante na kuugeuza ushuhuda kuwa ahadi, ilhali mwenyewe amekwisha kukiri kwamba maradhi haya hurudi. Yalimrudia kwa ukali mwaka 2000. Wako watakaodai kwamba tukio hilo linakikanusha kitabu, na dai lao lingekuwa na nguvu endapo tumaini lingekaa katika hitimisho. Kurasa za Paris hazikuahidi lolote kuhusu mwaka 2000. Zinathibitisha tu kwamba aliyefika pale aliweza kurudi na kusimulia, na uthibitisho huo haukubatilishwa na kuugua tena, wala na nimonia iliyomuua mwaka 2006.