Msomi na Msomaji

Kutokana na kitenzi kimoja, kusoma, Kiswahili kimezaa watu wawili wasiofanana. Mmoja ni msomi, wa pili ni msomaji. Tukisema fulani amesoma, tunamaanisha kwamba kazi imekwisha, kama tunavyosema ameoa au amejenga. Cheti kimo ndani ya fremu ukutani, na mwenye cheti anaweza kukaa miaka ishirini bila kufungua kitabu na bado akabaki msomi. Msomaji hana haki hiyo. Siku atakayoacha kusoma, jina linamtoka. Ndiyo maana mhariri wa gazeti huandika "mpenzi msomaji". Sijamwona bado mhariri aliyeandika "mpenzi msomi".

Ndugu zetu wa Buganda walilitumia neno hili kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1880 walioingia katika dini za kitabu waliitwa abasomi, na maana yake ilikuwa wale wanaosoma, watu waliokubali kubadilishwa na maandishi hata wakauawa kwa ajili yake. Shina la neno ni lile lile la msomi wetu. Sijui ni lini huku kwetu lilianza kunukia ofisi.

Hapa Tabora suala hili si la kamusi tu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ilifika Unyanyembe kisha ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kwenda bara ilibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani ilibeba pembe za ndovu, na watu. Katikati ya mizigo hiyo vilikuwamo pia vitabu, na yafaa tukumbuke kwamba kila kitabu kilichofika hapa zamani kilikuwa juu ya bega la mpagazi, Mnyamwezi mara nyingi, aliyebeba kiasi cha frasila mbili na ambaye hakuna aliyemwuliza kama angependa kujua kilichoandikwa ndani yake.

Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba 1857 pamoja na John Speke. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa ukoo wa Harthi, aliyeanza maisha yake Maskati kama mpika halwa. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, anamsifu huyu. Anasema alikuwa amesoma mengi, tena kwa ajili ya kujifaidi na si kwa kujistarehesha tu, na kwamba kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu. Sehemu kubwa ya yale Burton aliyoyajua juu ya lugha na desturi za bara ilipitia kinywani mwa Snay. Basi hapa tulikuwa na msomi wa kweli, mwenye vitabu, mwenye ukarimu, mwenye mazungumzo matamu jioni barazani. Na Burton anaongeza, bila kusita hata kidogo, kwamba alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa biashara ya pembe na watumwa.

Kila nikifika kwenye kurasa hizo husimama. Si kwamba natazamia mtu wa 1857 awe na mawazo ya leo. Kinachonisimamisha ni jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa kwa amani ndani ya mtu mmoja, usomi chumba cha mbele, minyororo uani, na kati yao hakuna hata mlango wa kugongwa. Vitabu vilimfanya Snay ajue zaidi. Sioni mahali katika habari zake ambapo vilimwuliza kitu.

Naye Burton mwenyewe? Kitabu chake, The Lake Regions of Central Africa, kilichotoka mwaka 1860 katika majalada mawili, ni kazi ya mtu aliyesoma kupita kiasi. Kwa upande wa vitu, hana mpinzani: uzito wa mizigo, posho ya wapagazi, namna ya kujenga tembe, chakula na bei zake. Mtu yeyote anayetaka kujua misafara ilivyokwenda hawezi kumkwepa. Lakini akifika kwa watu, usomi wake unamziba macho. Kila anachokiona amekwisha kukisoma mahali pengine, Sindh, Uarabuni au Somalia, na Mnyamwezi anahukumiwa kabla hajafumbua kinywa. Dharau iliyomo ndani ya kitabu kile haikutokana na ujinga wa kutosoma. Ilitoka maktabani.

Mwezi Julai 1858, Burton alibaki Kazeh na karatasi zake na Waarabu wake, na Speke, ambaye hakujua Kiarabu wala hakuwa mtu wa vitabu, akashika njia ya kaskazini. Tarehe 3 Agosti aliliona lile ziwa kubwa ambalo wenyeji wake walikuwa wakiliona kila siku. Burton aliukataa usemi wake kwamba hicho ndicho chanzo cha Nili, na kwa hoja alikuwa na haki, maana Speke hakuwa ameleta ushahidi wa kutosha. Lakini ziwa lilikuwako. Sitaki mtu achukue hadithi hii kuwatetea wavivu wa kusoma. Speke alikuwa na majivuno yake, tena kuamini bila kupima si kusoma.

Afadhali nimchukue David Livingstone, ambaye pia aliishi hapa, katika tembe la Kwihara, tangu Februari hadi Agosti 1872. Kabla ya hapo, akiwa amekwama Manyema, aliandika kwamba ameisoma Biblia nzima mara nne. Msomi atasema, maskini, hakuwa na kitabu kingine. Inawezekana. Lakini kusoma kitabu kile kile mara ya nne ni kazi ambayo haikuongezei hesabu ya vitabu ulivyosoma. Hakuna wa kukusifia. Karatasi zilipomwishia alichukua gazeti kuukuu la London, akaandika kwa kukatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na rangi ya kutilia nguo. Juu ya karatasi za namna hiyo aliandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 1871, ambapo watu wa wafanya biashara wa pwani waliwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Livingstone alikuwa amekula chakula cha wafanya biashara hao na kusafiri chini ya ulinzi wao, kama alivyofanya Burton. Tofauti ni kwamba yeye hakuweza kuandika ukarimu wao na kuishia hapo.

Hata hivyo msomaji ninayemtaka zaidi katika njia hii si Mwingereza. Alizaliwa Myao, akauzwa utotoni, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa Nasik huko Uhindi kusomeshwa, na huko akapewa jina la Jacob Wainwright. Alifika Kwihara Agosti 1872 pamoja na watu waliotumwa na Stanley. Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo, mwanzoni mwa Mei 1873, Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti, na ndiye aliyeorodhesha mali ya marehemu ndani ya daftari la marehemu mwenyewe. Chuma na Susi waliongoza msafara. Walipofika Unyanyembe na maiti mwezi Oktoba walimkuta Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike hapa hapa. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Wainwright aliandika shajara ya safari ile. Ilitolewa kwa Kijerumani mwaka ule ule wa 1874, na maandishi yake yenyewe ya Kiingereza yakangoja hadi karne hii ndipo yakatolewa hadharani. Alifia Urambo mwaka 1892, kilomita zisizotimia mia kutoka hapa ninapoandika. Kwa kipimo cha Snay au Burton huyu hakusoma mengi: Biblia, kitabu cha sala, masomo ya shule ya misheni. Lakini kusoma kwake kulitumika. Mtoto aliyekuwa bidhaa katika njia ya namna hii ndiye aliyeorodhesha mali, na safari hii jina lake halikuwa miongoni mwa vilivyoorodheshwa.

Miaka mia baadaye Serikali ilitaka kila mtu awe msomaji. Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima wa nchi yetu hawakujua kusoma. Kufikia 1986 ilisemekana wamebaki mmoja katika kumi. Ilikuwa kazi kubwa na mimi si katika wale wanaoibeza. Ila kulikuwa na mitihani, hatua ya kwanza hadi ya nne, na wengi waliofaulu walirudi nyumbani kama wasomi wanavyorudi: wamemaliza. Magazeti hayakufika, vitabu vilikuwa haba, na hata TMP ya wamisionari Wakatoliki hapa mjini, iliyochapa vitabu vingi vya Kiswahili, haikuweza kulisha njaa yote hiyo.

Shangazi yangu wa Ng'ambo alihitimu kisomo akiwa amepita miaka hamsini. Bibi yake aliletwa kutoka Manyema, na kwetu hakuna aliyependa kusema aliletwaje. Shangazi hakumaliza. Alisoma karatasi zilizofungiwa sukari, akazinyoosha kwa kiganja na kulalamika pale habari ilipokatwa. Alisoma barua za majirani kwa sauti, na kukataa kuziharakisha. Tulipomaliza vya kumpa, nilimpelekea Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969.

Tafsiri hiyo nayo ni kazi ya msomaji. Nyerere alisoma Tabora School tangu 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere alifundisha hapa St. Mary's. Mwaka 1963 alitoa tafsiri ya Julius Caesar, na mwaka 1969, akiwa Rais wa nchi, akaitoa upya baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Msomi hujali kwamba kitabu kimetoka. Katika Mabepari alikwenda mbali zaidi. Shakespeare anamtaja mfanya biashara mmoja, Nyerere akawafanya wengi, na akawaita mabepari. Wapo waliosema ameipotosha tamthilia kwa siasa za Azimio la Arusha. Mimi naona neno hilo ni zito mno kwa Antonio, anayekopa ili kumsaidia rafiki, na linamwelekeza mtu kabla hajafungua ukurasa. Lakini ni kosa la mtu aliyesoma akiwa macho, akaona kwamba katika mji ule hakuna mtu hata mmoja asiyehesabu fedha.

Shangazi alikaa nacho mwezi mzima. Nilipokwenda kumwamkia alikuwa amekikunja kwenye mahakama, pale yule mkopeshaji anapowakumbusha wakubwa wa Venisi kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua kwa fedha, wanaowatumikisha kama punda, na kwamba wakiambiwa wawaachilie watajibu kuwa ni mali yao.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu nani alimjibu?"

Nilimwambia kwamba hakuna. Mtawala anageukia jambo jingine, na mchezo unaendelea hadi mwisho.

"Hakuna?"

"Hakuna, shangazi."

Akavaa miwani yake, akarudi nyuma kurasa mbili, akaanza kuisoma tena sehemu ile, kwa sauti.