Uhakiki wa Kigezo cha Faida ya Desibeli katika Kutabiri Usikivu wa Wanaopewa Vipandikizi vya Njia ya Mfupa

Tangu Anders Tjellström na wenzake walipoanza, mwaka 1977 huko Gothenburg, Uswidi, kuwapandikizia wagonjwa skrubu za titani nyuma ya sikio ili mtetemo wa sauti ufike koklea kupitia fuvu, swali la nani atanufaika limejibiwa zaidi kwa audiogramu. Mgonjwa ambaye wastani wa kizingiti chake cha mfupa hauzidi desibeli 45 huhesabiwa kuwa anafaa. Na kadiri pengo baina ya kizingiti cha hewa na cha mfupa linavyokuwa kubwa, ndivyo anavyotabiriwa kupata faida kubwa. Sehemu hii inahakiki nusu ya pili ya kauli hiyo.

Faida hukokotolewa kwa kutoa kizingiti cha mgonjwa akiwa na kifaa kutoka katika kizingiti chake cha hewa cha awali. Pengo nalo hukokotolewa kwa kutoa kizingiti cha mfupa kutoka katika kizingiti kilekile cha hewa. Vigeu vinavyodaiwa kuhusiana vinachangia kijenzi kimoja, na sehemu ya uhusiano wao ni zao la hesabu tupu. Tuchukue wagonjwa wawili wa kufikirika, kila mmoja na kizingiti cha mfupa cha desibeli 15. Kizingiti cha hewa cha wa kwanza ni 60, cha wa pili ni 40. Wakiwa na kifaa, wote wawili wanafikia 25. Wa kwanza ataandikiwa faida ya desibeli 35 na wa pili 15, ilhali wanasikia sawasawa. Modeli itasifiwa kwa kutabiri walikotoka.

Kizingiti cha mfupa chenyewe ni kitabiri bora zaidi, ingawa nacho si kipimo safi cha koklea. Carhart alionesha mwaka 1950 kwamba katika otosklerosisi kizingiti hicho hudidimia, hasa kwenye herzi 2000, kwa sababu ya kukakamaa kwa kikuku, hali koklea yenyewe haijadhurika.

Jaribio la mkanda wa kichwani kabla ya upasuaji lina thamani, kwa kuwa mgonjwa husikia mwenyewe. Hata hivyo, ngozi hupunguza mtetemo wa masafa ya juu, yaani masafa yanayotenganisha *fika* na *shika*, *pasa* na *pasha*. Kwa kipandikizi kinachotoboa ngozi, jaribio hilo hupunja matokeo. Kwa kile cha sumaku kinachotetemesha juu ya ngozi, hukaribia uhalisi. Kuchanganya aina hizo mbili katika modeli moja, kama inavyofanyika mara kwa mara, ni kosa la usanifu wa utafiti.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwa mgonjwa asiyesikia kabisa kwa sikio moja. Hapa mtetemo huvuka fuvu hadi koklea nzima ya upande wa pili. Koklea inayosikia hubaki moja, hivyo uwezo wa kutambua sauti inatoka wapi haurejei. Na kelele ikitokea upande wa sikio kiziwi, kifaa huipeleka kwenye sikio zima. Mgonjwa huyu anaweza kutia sahihi fomu ya ridhaa akiwa ametajiwa desibeli nyingi, kisha asifuate mazungumzo sokoni.

Kwa sababu hizo, uchanganuzi wa sura inayofuata unatumia vigeu tokeo viwili: kizingiti akiwa na kifaa, na utambuzi wa maneno penye kelele, kila aina ya kipandikizi ikichanganuliwa peke yake.