Mitozi katika visanduku vine: mchoro unaofundisha na kuficha

Leo sichambui riwaya wala filamu. Nachambua picha moja ambayo kila mtu aliyepita option ya bio-chimie ameichora kwa mkono wake mwenyewe: mitozi katika visanduku vine. Profaza, metafaza, anafaza, telofaza. Tumeinakili kwenye daftari, tumeikariri kwa Exetat, na wengi wetu tukaikuta tena kwa auditoire ya mwaka wa kwanza, sawasawa kabisa, na mishale yake ileile.

Picha ya sayansi nayo ni picha. Iko na mtu aliyeichora, iko na mambo aliyochagua kuonyesha, iko na mambo aliyoacha nje. Basi tuiulize maswali tunayoulizaka picha yoyote.

Kwanza tuipe haki yake. Shule nyingi za kwetu hazina mikroskopu hata moja, na pale iko moja, banafunzi ni wengi na saa ni chache. Mwalimu mwenye chaki na tablo tu anaweza kwa mchoro huu kupitisha wazo kubwa sana: seli moja inatoa mbili, na kila moja inapata kromosomu zilezile. Mchoro unafika fasi mikroskopu haifiki. Asiyeona faida hiyo hajawahi kusimama mbele ya darasa.

Lakini mchoro unanyamaza juu ya swali la kwanza kabisa: walijuaje huo mpangilio?

Twende Ujerumani, mwaka 1882. Walther Flemming, profesa wa Kiel, anatoa kitabu kikubwa juu ya seli na kugawanyika kwake. Alikuwa anaangalia viluwiluwi vya salamanda, juu seli zao ni kubwa na kromosomu zao ni nene. Alizitia rangi inayoshika nyuzi zilizo ndani ya kiini. Shida ni kwamba seli iliyotiwa dawa na rangi kwa njia ile imekufa. Kila moja imesimama kwa dakika yake. Ni sawa mtu akupe picha za harusi usiyohudhuria, zote zimechanganyika: moja ya mahari, moja ya kanisani, moja ya watu wanakula. Unaweza kuzipanga, lakini nani atakuhakikishia kama umepanga vizuri?

Flemming alipanga, halafu akarudi kwa seli zilizo hai za viluwiluwi hivyo, akazifuatilia kwa jicho zikitoka umbo moja kwenda lingine. Njo maana mpangilio wake umesimama mpaka leo. Mchoro wa shule umerithi mpangilio, lakini kazi ya kuuhakikisha imeanguka njiani. Mwanafunzi anapokea jibu bila kujua kama kulikuwa swali.

Mtu atasema: si kitu, jibu ni sahihi. Ebu tuangalie hesabu ya kromosomu zetu wenyewe. Mwaka 1923, Mmarekani Theophilus Painter alihesabu kromosomu za binadamu kwenye vipande vyembamba vya tishu, akaamua ni 48. Kwa miaka zaidi ya 30, vitabu vilirudia 48. Watu walioangalia kwa macho yao wenyewe walitafuta 48, na wakaipata. Mwisho wa mwaka 1955, huko Lund, Sweden, Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, akifanya kazi na Albert Levan, alichukua seli za binadamu zilizokuzwa kwenye chupa, akasimamisha mgawanyiko kwa kolkisini, akazivimbisha kwa maji yenye chumvi kidogo ili kromosomu zitawanyike zisilaliane. Akahesabu 46. Walichapisha mwaka 1956. Kromosomu hazikupungua. Kilichobadilika ni namna ya kuandaa seli, pamoja na ujasiri wa kuamini jicho kuliko kitabu.

Kitu cha pili kinachofichwa ni zile nyuzi zinazovuta kromosomu. Kwenye daftari tunazichora kwa rula, chap chap, mistari iliyonyooka. Kumbe kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama ziko kweli! Zilionekana vizuri kwa seli zilizokufa, na kuna waliosema dawa za maabara njo zinazitengeneza. Aliyefunga ubishi ni Mjapani Shinya Inoué. Baada ya vita, nchi yake ikiwa imebomoka, alijitengenezea mikroskopu ya mwanga uliochujwa uelekee upande mmoja, akitumia msingi wa bunduki ya rashasha iliyotupwa na kopo la chai la kuwekea taa. Sisi tunaojua kujitafutia tunaelewa mtu wa namna hiyo. Aliendelea na kazi Marekani, na mwaka 1953 akachapisha ushahidi wa nyuzi hizo ndani ya seli hai. Alionyesha pia kwamba ukitia seli baridi nyuzi zinayeyuka, na ukiipasha joto zinarudi. Si kamba zilizofungwa hapo. Zinajengwa na kubomolewa kila wakati. Rula yetu haiwezi kusema hivyo.

Hapa nafika kwa kosa kubwa la mchoro: kisanduku cha metafaza. Kromosomu zimejipanga katikati kama askari kwenye gwaride, kimya, zikingoja mpiga picha. Sasa angalia seli hai kwa mikroskopu ya kontrasti ya faza, ile iliyompa Frits Zernike tuzo ya Nobel mwaka 1953. Tayari mwaka 1943, Mjerumani Kurt Michel alikuwa ameitumia kutengeneza filamu ya seli za panzi zikigawanyika. Kwa filamu za namna hii hakuna gwaride. Kromosomu zinasukumwa huku na huku, moja inafika mapema, ingine inabaki nyuma karibu na ukingo. Na seli nzima inangoja ile moja. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara inachukua karibu saa 24 kwa mzunguko wake wote, na kugawanyika kwenyewe ni kama saa moja tu. Ndani ya saa hiyo, kuna dakika za kungoja.

Mwaka 1995, Conly Rieder na wenzake huko Marekani walifanya jaribio zuri sana. Walitafuta kromosomu ya mwisho ambayo bado haijashikwa vizuri, wakaharibu kwa leza ile fasi yake ambapo nyuzi zilipaswa kushika. Seli ikaacha kungoja, ikaendelea kugawanyika. Maana yake, kromosomu iliyochelewa njo ilikuwa inapiga kelele: bado, ningojeni! Mgawanyiko wa seli uko na uangalizi, uko na subira. Kwa visanduku vine, subira hiyo haina mahali.

Hili si jambo la kupendeza macho tu. Vinkristini, dawa iliyotokana na ua la Madagaska, inazuia nyuzi zile zisijengeke. Seli inabaki inangoja, inangoja, mpaka nyingi zinakufa. Ni moja ya dawa zinazotumiwa kwa limfoma ya Burkitt, kansa inayokamata hasa watoto wa ukanda wetu wa Afrika. Mwanafunzi wa udaktari aliyekariri visanduku anajua jina «metafaza», lakini haoni kwa nini dawa inaishikia seli palepale, wala kwa nini dawa za namna hiyo zinagusa pia seli za nywele ambazo hazichoki kugawanyika. Aliyejua kwamba seli inangoja ameelewa nusu ya somo kabla profesa hajafungua mdomo.

Basi tutupe mchoro, tuchukue video za kwenye simu? Hapana, polepole. Filamu nayo iko na ujanja wake. Inabana saa nzima kuwa sekunde chache, na mtu anatoka akifikiri seli inakimbia. Mwanga mkali unaumiza seli, na seli iliyoumizwa haiishi kama kawaida. Zile rangi za kijani zinazong'aa zinatoka mara nyingi kwa protini ya kiwavi-bahari, zana iliyopewa Nobel mwaka 2008. Seli yenyewe haina rangi hiyo. Na video nyingi safi, zenye muziki, hazikupigwa kwa mikroskopu hata kidogo: ni michoro ya kompyuta. Picha inayotembea inahitaji maswali yaleyale kama picha iliyosimama, tena zaidi, juu inashawishi haraka.

Dawa ninayopendekeza ni ya bei ndogo: kitunguu. Kitunguu kikikaa juu ya glasi ya maji kinatoa mizizi kwa siku chache. Unakata ncha, milimita 2 hivi, mwalimu anailainisha kwa asidi hidrokloriki iliyopunguzwa nguvu, mnatia rangi ya orseini au ya karmini, mnaiponda taratibu kati ya vioo, mnaangalia kwa ukuzaji wa mara 400. Mikroskopu ya kawaida, ya aina ile vituo vya afya vinatumia kutafuta malaria, inatosha.

Mwanafunzi ataona nini? Kwanza, seli nyingi hazigawanyiki kabisa. Pili, zile zinazogawanyika hazikai ndani ya visanduku: nyingi ziko katikati ya jina moja na lingine. Tatu, akihesabu, atapata profaza nyingi na anafaza chache, na hapo mwalimu anauliza: kwa nini? Juu hatua inayodumu zaidi inakamatwa mara nyingi zaidi. Kutoka kwa seli zilizokufa, mtoto amepata saa. Hapo anafanya kazi ya aina ileile Flemming alifanya, kwa zana zisizo mbali sana na zake.

Hukumu yangu basi ni hii. Mchoro wa visanduku vine ni mzuri kama orodha ya majina, na mbaya kama picha ya seli. Ubaki kwenye tablo, lakini usibaki peke yake. Tuongeze kisanduku cha tano, kitupu, na kila mwanafunzi achore ndani yake seli moja aliyoiona mwenyewe na asiyojua aiweke wapi. Kwa maksi, mimi ningeanzia kusahihisha kisanduku hicho.