"Kutopona" au "Kutounga"?

Baadhi ya wafasiri huandika "kutopona kwa mfupa" wanapoeleza tatizo lifuatalo ubadilishaji wa nyonga. Hatuafiki. Katika upasuaji alioueneza John Charnley huko Uingereza miaka ya 1960, kinundu kikubwa cha juu ya mfupa wa paja kilikatwa, kisha kikarudishwa kwa waya. Mara nyingine hakikuunga, ilhali kidonda kimekwisha kupona. Je, mgonjwa huyo amepona? Waunga mifupa wetu walikwisha kutupa neno, wala hawakuhitaji kamati. Kinundu "kilichochelewa kuunga" huweza kungojewa. "Kisichounga", kikileta maumivu na kuchechemea, huenda kikahitaji upasuaji wa pili, kifungwe upya na kupandikizwa mfupa. "Kutopona" hakumwambii daktari angoje au ashike kisu.