Vimefika kwa Wenyewe

Nimekifunga sasa hivi, saa nane na dakika kumi za usiku, na kesho nina vipindi vitano. Na viwe kumi! Nisipoandika usiku huu huu, moyo ungali ukinidunda, asubuhi nitakuwa nimepoa nami nitaanza kupima maneno kwa kibaba, na kitabu hiki hakistahili ubahili. Kinaitwa Peponi. Kimeandikwa na Abdulrazak Gurnah, kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kimechapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Kimenifikia Mombasa wiki iliyopita tu, ndani ya mkoba wa shemeji yangu aliyekuja kwa basi kupitia Tanga, kikiwa kimeviringishwa kwenye kanga ili kisikunjike.

Nitakirudia. Kwanza niwaambie kwamba mwezi huu vimeniingia mikononi vitabu vitatu, cha watoto wadogo, cha wale wanaoanza kunyanyuka, na hiki cha watu wazima, na vyote vitatu vilizaliwa kwa Kiingereza vikaja kwetu kwa Kiswahili. Najua wako walimu wenzangu wanaokunja uso wakisikia neno tafsiri. Nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Tafsiri nyingi nilizopewa nifundishie zilinuka kamusi: sentensi imesimama wima, sarufi safi, lakini hakuna mtu yeyote pwani wala bara anayesema vile. Kwa hiyo nina kipimo changu kimoja, nacho sikibadilishi. Kitabu nakisoma kwa sauti mbele ya watu. Kikiukwaza ulimi, nakirudisha kabatini. Wasikilizaji wakianza kusogea mbele bila kuambiwa, basi hapo pana jambo.

Kwa Sulwe walisogea mpaka nikakosa pa kuweka miguu.

Sulwe ni cha Lupita Nyong'o, mwigizaji wetu aliyenyakua Oscar mwaka 2014. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2019, kisha kikapata sauti ya Kiswahili na ya Kijaluo, na hapo ndipo kilipoingia nyumbani, kwa sababu jina lenyewe ni la Kijaluo: sulwe ni nyota. Ni habari za binti mwenye rangi ya usiku wa manane katika nyumba ambayo mama ana rangi ya alfajiri, baba ya magharibi, na dada yake rangi ya mchana wa jua kali. Shuleni wanampa majina. Anajaribu kujisugua rangi kwa kifutio. Anajaribu poda za mamake. Anakula vyakula vyeupe akidhani weupe utaingia kupitia tumboni. Anaomba dua. Halafu usiku mmoja nyota inamjia dirishani na kumsimulia habari za ndugu wawili, Usiku na Mchana.

Kila Jumamosi nawasomea watoto wa mtaani kwetu barazani, wa miaka sita hadi tisa, kumi na watano hivi. Nilipofika kwenye kile kifutio, wawili walicheka, na mmoja, msichana ambaye tangu mwaka uanze sijamsikia akitoa neno, aliinamisha kichwa. Nikaendelea. Nilipofika mahali Usiku amechoka kutukanwa na amejiondokea, watu wamebaki na mchana usiokwisha, jua haliondoki, usingizi haupatikani, mazao yanaungua, yule msichana aliinua uso akaniuliza, "Mwalimu, na Usiku alikubali kurudi?" Jamani! Watoto wa Mombasa wanalijua joto la mchana usio na kivuli. Hawakuhitaji kuelezwa kwa nini dunia inamhitaji Usiku. Wenyewe walianza kuhesabu: nyota hazionekani bila yeye, Ramadhani watu watafuturu saa ngapi, popo watakwenda wapi, mwezi utaandama vipi? Lile la futari silo langu, ni la mtoto wa miaka saba, nami nimelihifadhi.

Michoro ya Vashti Harrison inahitaji muda wake. Zile kurasa za usiku, za zambarau na buluu iliyoiva, watoto walizigusa kwa vidole kana kwamba zina joto. Nililolikosa ni moja: ningependa mama wa Sulwe apewe nafasi zaidi. Anasema maneno mazuri kisha hadithi inamwacha haraka, nyota inachukua kazi yote, na watoto wetu hawana nyota ya kuwajia dirishani, wana mama. Lakini mnunulie mtoto kitabu hiki, hata kama ni mweupe kama maziwa. Mnunulie hasa huyo.

Cha pili si kipya cha jana. Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu kilitoka mwaka 2015, miaka 150 kamili tangu Lewis Carroll achapishe hadithi yake, lakini kwangu ni kipya kwa sababu ndio kwanza nimekipata, na nasikitika kwa kila darasa nililolifundisha bila hicho. Mtafsiri ni huyo huyo Ida Hadjivayanis, Mtanzania anayefundisha Kiswahili SOAS, London. Alisi amewahi kuja kwetu zamani, mwaka 1940, kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ila huyo wa zamani sijawahi kumwona dukani maishani mwangu.

Nilikisoma na wanafunzi wa miaka kumi na moja, kumi na mbili. Umri huo ni mgumu, maana wameshajiona wakubwa kwa hadithi za sungura na bado hawajafika kwenye riwaya. Kumbe walichokuwa wakikingoja ni sungura mwenye saa anayeogopa kuchelewa! Wanafunzi wote wanamjua huyo. Ndio wao wenyewe, saa moja na nusu asubuhi, mbele ya geti.

Lakini kilichowapandisha mori ni ile karamu ya chai. Meza ni kubwa, viti viko vitupu, na wenye meza wanamwambia mgeni hapana nafasi. Darasa liligeuka baraza la wazee. Pwani hii, mtu akikukuta unakula, hata kama ni kipande cha mkate mkavu, unamkaribisha, naye hata akiwa na shibe yake ataonja. Kumwambia mtu hapana nafasi mbele ya birika la chai! Watoto walimkasirikia Sungura wa Machi, mmoja wa wale wenye meza, kwa hasira ya kweli, na hapo nikaelewa kwamba kwa Kiswahili karamu ile ni kali kuliko kwa Kiingereza. Kule ni wazimu wa kuchekesha. Huku ni kuvunja ada.

Mchezo wa Malkia wa kupiga mipira kwa heroe walio hai ulitusumbua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona mchezo wenyewe hata wa fimbo za kawaida. Tukatoka uwanjani na magongo mawili ya hoki na mpira wa tenisi, wanafunzi wakajipinda wenyewe kuwa vijilango vya kupitishia mpira, na baada ya dakika kumi Malkia wa darasa alikuwa ameshaamuru vichwa vya watu tisa vikatwe, changu kikiwemo. Mizaha ya maneno yanayofanana kwa sauti, ambayo Carroll aliimwaga kila ukurasa, haivuki bahari ikiwa nzima, na mwalimu ajiandae kupita hapo kwa mwendo wa haraka. Mengine yote yasomeni polepole, kila mwanafunzi na mhusika wake.

Sasa Peponi.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana miaka ile ya sitini, akaishi na kufundisha Uingereza. Riwaya hii aliitoa mwaka 1994 ikaingia orodha fupi ya Booker. Mwaka 2021 akapewa Nobel, sisi huku tukashangilia, mitaani watu wakapongezana, na wengi wetu hatukuwa tumesoma hata ukurasa wake mmoja. Ndiyo kweli yenyewe. Miaka 28 ilipita tangu kitabu kichapishwe mpaka kikasomeka kwa lugha wanayozungumza watu waliomo ndani yake!

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Babake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, na kila mara huja mgeni mmoja tajiri, mwenye kunukia vizuri, mfanyabiashara wa misafara, ambaye mtoto amefundishwa kumwita ami yake. Mgeni akiondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja akiondoka, anamchukua mtoto mwenyewe. Dukani pwani, kijana mwingine, Khalil, ndiye anayemfungua macho: huyu Aziz si ami yako, ni tajiri, mwite Seyyid, nawe umewekwa hapa kwa sababu ya deni la babako. Rehani! Mtoto ni rehani. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Khalil humwita Yusuf kifaurongo. Gurnah aliliandika neno hilo kwa Kiswahili hata ndani ya Kiingereza chake, na msomaji wa Kiingereza ikabidi afafanuliwe. Sisi tumekua tunamchezea mdudu huyo, ukimgusa hujilaza kama maiti, ukimwacha akatambaa. Kwa neno moja msomaji wa huku ameshapewa mtoto mzima: aliyetulia kama mfu kwa sababu ameguswa. Riwaya nzima iko hivyo. Wanyapara, wapagazi, bustani iliyozungushiwa ukuta na mzee Hamdani akiinyweshea kimya, bibi tajiri aliyejificha ndani, kisa cha Nabii Yusuf na Zulekha kikipumua chini ya kila sura. Kwa Kiingereza yote haya yalikuwa ugenini, yakijieleza mlangoni. Kwa Kiswahili yamevua viatu yakaketi.

Na Kalasinga! Ni fundi wa magari, Singasinga mwenye mdomo usiopumzika, na azma yake kubwa maishani ni kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Wenzake wanamwona amechanganyikiwa. Hii ni kabla ya Vita Kuu vya Kwanza, kabla ya tafsiri ya Dale ya mwaka 1923, miongo mingi kabla ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy kutuletea ile ya mwaka 1969 tunayoijua wote. Hebu nifikirie, mtu amekaa ndani ya kitabu cha Kiingereza tangu mwaka 1994 akililia tafsiri ya Kiswahili, na leo mtu huyo huyo anaongea Kiswahili mbele yangu, chini ya taa yangu. Nilicheka peke yangu mpaka nikamwamsha paka.

Safari ya bara sitaisimulia. Mtakutana na mtu aitwaye Chatu huko Marungu, mtajionea. Mwisho nao siugusi, ila nitasema kwamba niliusoma mara tatu mfululizo na kila mara nilimkasirikia mtu mwingine.

Walimu, tahadhari: si kitabu cha darasa la saba. Kuna ukatili, mnyapara Mohammed Abdalla si mtu wa kumsoma mbele ya watoto, na mahusiano ya watu wazima yamo. Kidato cha Tatu na kuendelea, pamoja na mwalimu aliyekisoma chote kwanza. Nami natamani kingekuwa na toleo la karatasi nyepesi na bei nyepesi zaidi, maana nina wanafunzi arobaini na nakala moja, na orodha ya kuazima imeshafika majina ishirini na sita kabla hata sijaitangaza.

Jina la kwanza kwenye orodha si la mwanafunzi. Ni la bibi yangu. Ana miaka themanini na mitatu, Kiswahili chake anakisoma kwa herufi za Kiarabu, hizi za Kirumi hakuzisoma, na Kiingereza ndio kabisa. Namsomea baada ya Isha, sura kwa sura. Usiku wa kwanza, Aziz hajafanya lolote bado, amekula tu akashukuru, bibi akanikatiza: "Huyo si ami yake. Huyo ana daftari la madeni." Nikamuuliza amejuaje. Akanyamaza kitambo, kisha akanisimulia habari za kaka wa babake, mtoto aliyepelekwa dukani kwa mtu ili deni lishuke, asionekane tena. Mimi ni mjukuu wake kwa miaka arobaini na tisa. Sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Jana nilimfikisha mahali msafara unafungasha mizigo. Akaniambia nisitangulie kusoma bila yeye, nikamwitikia, na usiku huu nimevunja ahadi, nimekimaliza. Kesho baada ya Isha nitarudi nyuma nianze pale pale alipo yeye, na akiniuliza kama Yusuf atarudi kwao, nitamwambia, bibi, tungoje tusikie.