Petroli Inayopita Ukutani

Jaza petroli kwenye tangi la plastiki la mashine ya kukata majani, kaza kifuniko, pima uzito, kisha uliache. Wiki kadhaa baadaye mizani itaonyesha upungufu, ingawa hakuna hata tone lililoanguka sakafuni.

Petroli imepita ukutani. HDPE, plastiki ile ile ya madumu, huzuia maji vizuri, lakini asili yake inakaribiana na ya petroli. Molekuli za mafuta huyeyuka ndani yake, husafiri polepole hadi upande wa nje na kuwa mvuke. Mvuke huo, ukichanganyika na oksidi za nitrojeni chini ya jua, huzaa ozoni inayoumiza mapafu.

Mwaka 2008 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa kanuni kwa injini ndogo za petroli zisizozidi kilowati 19. Kikomo cha mafuta yanayopita: gramu 1.5 kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa tangi kwa siku, katika nyuzi joto 28. Huo ni upungufu wa karibu asilimia 85 ukilinganisha na HDPE ya kawaida. Kiwanda hakikuamriwa kitumie malighafi gani. Kilipewa kikomo tu.

Uzuri wa kanuni hii uko katika namna ya kupima. Tangi halipimwi likiwa jipya. Kwanza kifuniko hufungwa na kufunguliwa mara 300. Kisha tangi hubanwa kwa shinikizo na kuvutwa kwa ombwe mara 10,000, huanikwa kwenye mwanga wa urujuanimno, na hutikiswa mara 1,000,000 likiwa na mafuta ndani. Kuloweka tangi likiwa na petroli yenye ethanoli ndani huweza kuchukua wiki 20. Ugumu huu una sababu: kinga nyingi za kuzuia mafuta kupita ni utando mwembamba mno, na bila majaribio hayo tangi lingefaulu maabara, kisha lishindwe baada ya msimu mmoja wa kazi.

Upimaji wenyewe una ufundi wa kupendeza. Kwa kuwa hewa hubeba sehemu ndogo ya uzito wa kila kitu, mabadiliko ya shinikizo na joto la hewa yanaweza kufunika gramu chache zinazotafutwa. Kwa hiyo tangi la pili linalolingana nalo kwa ukubwa hujazwa kitu kikavu kisichobadilika uzito, kama mchanga, na kupimwa pamoja na la kwanza. Kinachobadilika kwenye la pili hutolewa katika hesabu.

Ili kutimiza kikomo hicho, viwanda vingine vilitumia chuma, vingine vikaweka tabaka la EVOH, plastiki inayozuia mafuta kupita, katikati ya HDPE. Vingine vilipitisha gesi ya florini juu ya HDPE, njia rahisi ambayo baadaye ilileta kesi: EPA iligundua kwamba inaweza kuzalisha PFAS, kemikali zisizooza. Desemba 2023 ikaamuru kampuni ya Inhance Technologies iache kuzizalisha. Machi 2024 mahakama ya rufaa ya New Orleans ikafuta amri hiyo, kwa hoja kwamba kazi iliyofanywa kwa miongo mingi haiwezi kuitwa matumizi mapya, kama EPA ilivyodai.