Majani Mawili na Chipukizi: Namna ya Kupima Mwanzo wa Filamu

Kibanda cha video nilikoanzia kutazama filamu, upande wa Mogogosiek, kaunti ya Bomet, kilikuwa na kuta za mbao, mabenchi sita na paa la mabati. Mvua ya alasiri ya huku kwetu haibishi hodi. Ikija na mawe, paa linameza sauti yote ya spika, na kama filamu ndiyo kwanza inaanza, mnabaki kutazama majina yakipita kimyakimya. Wengi waliutumia muda huo kwenda kununua chai na mandazi. Mimi sikuwa na hela, nikabaki. Ndipo nikagundua kwamba filamu nyingine zilikuwa zimeshaniambia jambo kabla paa halijanyamaza, na nyingine hazikuwa na la kusema hata kungekuwa shwari.

Wanaoyadharau majina hayo ya mwanzo huyataja bila kujua. Mhusika mkuu tunamwita steringi, na neno hilo tumeliokota papo hapo, kwenye maandishi ya Kiingereza yanayotangulia jina la mwigizaji anayeongoza. Kila mtoto anayebisha kwamba steringi hafi anasoma upya maandishi ambayo wenzake waliyaacha wakakimbilia mandazi.

Basi mwanzo mzuri unapimwaje? Mchumaji chai hachumi kichaka kizima. Kipimo cha kituo cha kununulia majani kinajulikana: majani mawili na chipukizi. Ukileta majani makavu na vijiti, unarudishiwa. Mwanzo wa filamu nao uwe ncha changa, kidogo tu, lakini iliyotoka kwenye kichaka kilekile ambacho chai yake utainywa kwa saa mbili zijazo. Mitihani inayofuata yote inauliza swali hilo moja.

Mtihani wa mabati

Zima sauti. Mwaka 1955 msanifu wa Marekani, Saul Bass, aliitengenezea The Man with the Golden Arm mwanzo wa mistari myeupe juu ya weusi, inayosogea na kukatana hadi inageuka mkono uliopinda vibaya. Filamu inamhusu mtu aliyenaswa na heroini, na mkono ndipo sindano inapoingilia. Hadithi haijasimuliwa, ila chipukizi lake limechumwa. Enzi hizo majumba mengi ya sinema yalikuwa yakionyesha majina juu ya pazia ambalo bado limefungwa. Filamu hii ikapelekwa na maagizo kwamba pazia lifunguliwe kwanza.

Miaka mitano baadaye Bass huyohuyo alifanya mwanzo wa Psycho. Mistari inapita kwa kasi na kuyakata majina vipandevipande. Hata fidla za Bernard Herrmann zikizibwa na mvua ya mawe, mtazamaji wa benchi la nyuma anajua kuna kitu kitakatwa.

Mtihani wa macho kufumba

Sasa kinyume chake. Fumba macho uanze The Lion King ya 1994. Sauti ya Lebo M inaita kwa Kizulu, kwaya inaitikia, muziki unapanda hadi unajaa, kisha kishindo kimoja na kimya. Ukifumbua wakati huo unakuta jina la filamu limetua, jekundu juu ya weusi. Fundi asiyejiamini angeliweka jina hilo mapema, watu wasije wakasahau wanatazama nini. Fundi wa filamu hii alilingoja, na kungoja ndiko kulikolipa uzito.

Kwenye vibanda vyetu sauti ya mwanzo mara nyingi si ya filamu kabisa. DJ Afro, anayesimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili na Sheng, huanza kuongea majina yakiwa bado yanapita. Wapo wanaoona ni uharibifu. Mimi naona anafanya kazi ambayo mwanzo mzuri hufanya: anakuambia uketi vipi, ujiandae kucheka au kuogopa. Kama mwanzo wenyewe ungekuwa umetamka jambo hilo vizuri, dijei angepata shida kuufunika.

Mtihani wa herufi

Hapa ndipo wapigaji video wa Kericho na Bomet wanapokwama, hata wale wenye kamera za bei. Jioni ya koito, yaani sherehe ya posa, familia mbili zikishakubaliana, video huanza kwa droni juu ya shamba la chai na majina ya wachumba kwa mwandiko mwembamba wa dhahabu. Tazama kwa karibu. Chai kwa mbali ni zulia, lakini kwenye skrini ni maelfu ya vidoa vya mwanga na kivuli, na majani machanga yana manjano yanayokaribiana na dhahabu. Mkia wa herufi unapotea kati ya vidoa hivyo. Bibi harusi mtarajiwa anasomwa nusu.

Dawa haihitaji programu mpya. Herufi ziwekwe mahali pametulia: kwenye ukungu wa saa moja asubuhi, kwenye barabara ya murram, au kwenye kivuli cha mikaratusi. Ziwe nene. Zikae muda wa kutosha kwa nyanya asiye na haraka kuzisoma mara mbili. Na mwandiko ufanane na jambo lenyewe, kwa sababu herufi za matanga hazialiki watu kwenye sherehe.

Mtihani wa mikono

Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack ya 1985, inapitisha majina yake juu ya gari moshi linalokata nyika ya Kenya, muziki wa John Barry ukitanda. Kwa ufundi sina la kulaumu. Lakini hesabu watu wanaoonekana kwenye nchi hiyo pana, kisha tazama filamu iliyobaki uone Waafrika wamewekwa pembeni kiasi gani. Mwanzo ule haukudanganya. Ulikuwa sampuli ya kweli, kasoro ikiwa ndani yake.

Linganisha na Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye orodha rasmi ya Cannes. Inafunguka kwa rangi kali na mdundo wa Muthoni Drummer Queen, na mara moja unajua kwamba Nairobi hii haikuja kuomba huruma.

Tangu niuone ufunguzi wa gari moshi kwa jicho hilo, kila makala ya chai inayoanza na droni juu ya kijani kitupu naitilia shaka. Mikono iko wapi? Kericho mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na watu wenye hasira ya kazi zilizopotea. Kijani kisicho na mchumaji wala mashine kinapendeza, lakini hicho ni kikapu cha majani makavu.

Mtihani wa kurudi

Huu wa mwisho ndio unaotoa hukumu. Filamu ikiisha, rudisha nyuma utazame mwanzo tena. Mwanzo hafifu utakuwa uleule, mapambo mlangoni. Ulio bora utakuwa umekua, kwa kuwa sasa unajua ncha ile ilichumwa tawi gani.

Mwanzo bora kuliko yote niliyoiona huku haukuwa wa sinema. Ulikuwa wa video ya koito, sekunde ishirini hivi. Hakukuwa na droni. Kulikuwa na mkono wa mama ukisugua ndani ya kibuyu kwa kijiti chenye moto, kama inavyofanywa kabla ya kutia maziwa ya mursik. Kamera ikasogea mdomoni mwa kibuyu hadi weusi wa masizi ukajaa skrini, na juu ya weusi huo majina mawili yakaandikwa kwa herufi nyeupe, nene. Saa moja baadaye, mwisho wa video, mzee anamimina mursik kutoka kibuyu kilekile.

Tuliirudisha nyuma. Birika lilikuwa jikoni, limejaa, na hakuna aliyeinuka.